Maziwa Yaliyokataa Kuganda

Marafa,
12 Februari 2024

Kwa ndugu yangu Mwaro,

Salamu nyingi sana. Hujambo wewe, hajambo Cynthia mke wako, na huyo Charity mpenzi wangu ameota meno mangapi sasa? Sisi huku tu wazima ila jua linatuchoma mpaka utosini. Lambo limebaki tope. Riziki, ng'ombe wangu, amezaa ndama jike, mweusi mwenye doa jeupe kifuani, na kwa hilo tumshukuru Mungu.

Najua utashangaa dada yako kukuandikia barua zama hizi. Simu nimekupigia. Kila nikilifikia neno lenyewe unaniambia, "Dada, nina mkutano," mara kimya. Barua haikatiki. Nampa Mwenda, dereva wa gari la maziwa, akukabidhi mkononi, nawe utaisoma mpaka chini hata kama ni chooni.

Neno ni hili. Tangu stima ikatike, maziwa tunayopeleka kituo cha ushirika wetu yanarudishwa yamechacha. Sisi tunaamka kukiwa bado giza, tunakama, tunabeba, na jioni tunaitwa tukachukue uvundo wetu. Watu wamechoka kuyarudisha majumbani, wanayamwaga nyuma ya kituo. Mwaro, njoo uone. Kumefanyika dimbwi jeupe lenye ukoko wa kijani juu, na funza wanapanda ukutani mpaka dirishani kwa Bridgit mpimaji. Juzi mbwa wa Mzee Kazungu alilewa humo, akatapika mbele ya watu kwenye foleni. Mwenyekiti mwenyewe alikuwepo. Akageuza uso kana kwamba mbwa si wake.

Wewe ndiye meneja. Uliomba kazi hii kwa mdomo wako, nasi tukakupigia kura kwa sababu umesoma na kwa sababu ni wetu. Lakini unakaa Malindi penye upepo, harufu haikufikii. Njoo hata siku moja usimame kwenye dimbwi hilo.

Ni mimi dada yako,
Kadzo

*

Malindi,
25 Februari 2024

Shikamoo dada Kadzo,

Barua yako nimeipata, na nimeisoma mpaka chini. Si chooni. Natumai afya yako ni njema, na magoti yamepungua kuuma. Cynthia anakusalimu. Charity ana meno sita na ameniuma nayo yote.

Dada, wewe ni mayo wangu, maana mama alipotutoka ni wewe uliyenilea. Kwa hiyo nakujibu bila kuficha. Unaniambia nije nisimame kwenye funza. Mimi nimesimama kwenye mengine. Unajua wanachama wenzako wananiletea nini? Maji ya lambo. Mwezi uliopita Bridgit alichuja mtungi wa mtu mmoja, simtaji, akatoa chura. Mdogo hivi, kama kidole gumba, bado anapiga miguu. Mwenye mtungi akasema, "Ameruka mwenyewe sasa hivi." Mwingine alimchoma ng'ombe wake sindano ya kiwele, akaambiwa asilete maziwa mpaka dawa imtoke mwilini, akayaleta jioni ile ile na usaha ndani. Nililiona tone lile kwenye chujio nikashindwa kula siku nzima. Na wote hao kanisani wanakaa viti vya mbele.

Upande wa soko nako ni vita. Wenye hoteli wanataka maziwa ya paketi kutoka bara, yana picha ya ng'ombe mnene kwenye majani mabichi, na yanakaa kabatini miezi. Nani atake yetu, yanayofika Malindi yamegeuka? Genereta ikiwaka leo, kesho haina mafuta. Kaunti nimeandika, nimekwenda, nimekaa kwenye mabenchi yao. Wananiambia changamoto inashughulikiwa.

Lakini usihuzunike. Kuna bwana mmoja nimezungumza naye, anawauzia dawa wenye vituo wengi huku pwani. Ameniahidi kwamba maziwa hayatarudi tena. Nipe muda kidogo tu.

Nduguyo mpenzi,
Mwaro

*

Marafa,
3 Aprili 2024

Mpendwa ndugu yangu Mwaro,

Pokea salamu za moyo mkunjufu. Natumai nyote wazima. Sisi tumeona mvua, kidogo, lakini mbuzi wamenyanyua vichwa.

Leo nakuandikia kukushukuru. Tangu Machi ianze hakuna mtungi uliorudi. Hata ule wa Damaris wa kule mwisho, ambaye hufika jua limeshapanda na mtungi wake unatokota, nao unapokelewa. Dimbwi limekauka, tumelifukia kwa mchanga. Mzee Kazungu alisimama kanisani akakutaja kwa jina, watu wakapiga makofi, nami nikajikuta nimesimama kama aliyetajwa ni mimi.

Stima bado haijarudi, ndiyo maana najiuliza umefanyaje. Genereta siisikii ikinguruma. Utanieleza ukija Pasaka ya mwakani, maana ya mwaka huu ulisema una mkutano.

Namtumia Charity nazi tatu na mfuko wa tende.

Dada yako anayejivunia wewe,
Kadzo

*

Marafa,
20 Mei 2024

Kwa Mwaro,

Hujambo. Cynthia na mtoto hawajambo? Mimi sijambo mwilini.

Wiki jana nilikuja Malindi hospitali kwa ajili ya macho. Nilikupigia ukaniambia uko Kilifi. Nikaenda kupumzika kwa Shekha, yule mama wa mgahawa aliyekuwa mteja wetu tangu ushirika haujawa na paa. Alinikaribisha kwa heshima zake zote, akanipa mahamri na chai ya rangi. Chai ya rangi, Mwaro, kwa Shekha! Nikamwuliza, "Mama, maziwa yameadimika?" Akasema, "Hayajaadimika. Njoo nikuonyeshe."

Akanipeleka jikoni. Juu ya kabati kulikuwa na bakuli la maziwa, akalifunua. Akasema, "Haya ni yenu ya Marafa. Niliyaweka yagande nifanye mtindi, kama nilivyofanya umri wangu wote. Leo siku ya nne, kwenye joto hili. Hebu yatazame." Nikayatazama. Yalikuwa meupe, mororo, kama yametoka kwenye kiwele sasa hivi. Hayakuganda, hayakuchacha, hayakufanya hata utando. Kando yake kulikuwa na sahani ya maembe na inzi wamejaa tele. Kwenye bakuli hapakuwa na inzi hata mmoja.

"Inzi huyu," akaniambia, "mtu asiyechagua hata choo, mbona haya ameyakataa?"

Sasa nakuuliza wewe: mnaweka nini?

Dada yako,
Kadzo

*

Malindi,
1 Juni 2024

Shikamoo dada,

Natumai macho yanaendelea vizuri na dawa unazitia kama ulivyoelekezwa. Huku tu salama.

Kuhusu Shekha, usimsikilize sana. Huyo ana ugomvi na mimi kwa sababu nilimpunguzia lita nikawapa wenye hoteli. Tunachotumia ni kihifadhi tu. Viwandani wanatumia, kila mahali wanatumia. Ni kidogo mno, mtu hawezi hata kuonja. Yale mambo ya inzi ni maneno ya jikoni.

Tafadhali jambo hili tulizungumze ndugu kwa ndugu, si mbele ya watu. Unajua watu wetu, ukiwapa kamba wanafunga ng'ombe asiye wao.

Charity anaanza kutembea. Anashika ukuta anakwenda kama mlevi.

Nduguyo,
Mwaro

*

Marafa,
9 Juni 2024

Mwaro,

Salamu. Leo sitauliza habari, nitakupa.

Jana asubuhi nilipeleka maziwa mwenyewe. Nikamwambia Bridgit nataka kusuuza mtungi, nikapita mpaka chumba cha nyuma kabla hajanizuia. Kulikuwa na galoni la samawati lisilo na maandishi, limefungwa kwa nailoni. Nikalifungua. Mwaro, harufu ile ilinipiga puani nikashika ukuta. Naijua. Wewe pia unaijua. Ndiyo iliyokuwa kwenye nguo za mama tulipomchukua mochari, tukasafiri naye mpaka nyumbani tumefunga leso puani, na wewe ukatapika njiani, pale Kakoneni. Dawa ya kuzuia maiti isioze.

Bridgit akaja mbio. "Mama, utaniponza!"

"Hii mnaitia wapi?"

"Ni agizo la meneja. Kifuniko kimoja kila mtungi mkubwa. Siku za joto, viwili."

"Na wewe, watoto wako unawapa maziwa haya?"

Akainamisha kichwa. Akasema, "Wanangu wanakunywa uji."

Basi nikatoka nje nikatapika penye lile dimbwi lenu la zamani. Nimekaa na watu wachafu maisha yangu yote. Nimekamua jipu la kiwele kwa mikono hii usaha ukanirukia mdomoni, nikatema nikaendelea na kazi. Nimemtoa ndama aliyeoza tumboni kipande kipande. Hayo ni machukizo ya Mungu, yanaoshwa kwa maji. Hili lako siwezi kuliosha. Nikinawa naisikia. Nikimkama Riziki, maziwa yakitoka ya moto, naisikia. Ulinilalamikia chura. Chura ni kiumbe, Mwaro, ukimtoa ametoka. Hiki chako unakitoaje kwenye tumbo la mtoto wa mtu?

Mkutano wa wanachama ni tarehe 22. Nitalisema. Njoo uliseme wewe kwanza, itakuwa heri kwako.

Kadzo, dadako

*

Malindi,
14 Juni 2024

Dada,

Usilete maneno hayo mkutanoni. Unafikiri mimi nilianza kwa kupenda? Mlikuwa mnanililia kila siku maziwa yanarudi, maziwa yanarudi. Hamkuniuliza njia, mlitaka yasirudi tu. Yamekoma kurudi. Mlipiga makofi kanisani. Leo unatapika.

Kituo kikifungwa, ni wewe utakayekwenda mlango kwa mlango kuwaambia kina Damaris wakamwage?

Sitakuja huo mkutano. Nina wageni.

Mwaro, nduguyo bado

*

Marafa,
24 Juni 2024

Kwa ndugu yangu Mwaro,

Hujambo. Kwa kuwa hukuja, nakueleza yaliyokuwa.

Tulikaa kituoni kivulini, watu walijaa mpaka barabarani. Mzee Kazungu akafungua kwa sala, akawasifu wanachama, akakusifu wewe. Ilipofika mengineyo nikasimama. Sikupiga kelele. Nilikwenda kwenye tangi, nikafungua bomba, nikajaza kikombe. Nikarudi nikakiweka mezani mbele ya mwenyekiti.

Nikamwambia, "Mzee, haya ndiyo yanayokwenda Malindi leo. Karibu, kunywa."

Akacheka. "Kadzo, mimi nimeshakunywa chai nyumbani."

"Chai ni chai. Hili ni funda moja tu."

"Tumbo langu halipendi maziwa mabichi."

"Basi katibu anywe. Bridgit anywe. Yeyote anywe, nami nitakaa chini sitasema tena."

Hakuna aliyenyoosha mkono. Nilikizungusha kikombe kile, Mwaro, kama sahani ya sadaka. Damaris alikitazama akaangalia miguu yake. Mzee mmoja wa ukoo wetu alisogeza kiti nyuma, ili kikombe kisiguse kanzu yake. Ndipo nilipojua. Nilidhani nimekuja kuwaambia siri. Haikuwa siri. Walikuwa wanajua wote, dimbwi zima, mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nikipiga makofi bila kujua.

Nikasema jina la dawa ile, na kazi yake. Halafu Damaris, ambaye nilimsaidia kuzaa mwanawe wa kwanza, akasimama akasema, "Dada Kadzo, sisi hatuyanywi. Sisi tunauza." Na watu wakaguna kukubali. Mwingine akadakia, "Wa Malindi wana hospitali." Wakacheka. Ndiyo, walicheka.

Wakapiga kura. Kituo kiendelee kama kilivyo, na mwanachama atakayetoa maneno nje afukuzwe. Mikono ilipanda kama mihogo shambani. Mimi nilikimwaga kikombe kile miguuni pa Mzee Kazungu, nikachukua mtungi wangu nikaenda zangu. Aliruka nyuma kama kijana.

Sipeleki tena maziwa kituoni. Ninayokama nawauzia majirani wachache kwa kikombe, yanayobaki nagandisha. Yanaganda vizuri.

Ushirika huu niliubebea mawe kichwani nikiwa na mimba. Leo nikipita hapo natema mate.

Dada yako,
Kadzo

*

Malindi,
11 Oktoba 2024

Shikamoo dada yangu Kadzo,

Natumai barua hii itakukuta na afya njema. Ni siku nyingi hatujaandikiana, na makosa ni ya pande zote. Tuyaache. Ndugu hawaoshani kwa maji machafu.

Charity ameugua. Alipata homa ya tumbo, akalazwa. Sasa ametoka, Mungu ni mwema, lakini amekonda dada, mbavu unazihesabu, na lile titi Cynthia alishamwachisha. Daktari anasema apewe mayai, samaki, na maziwa kwa wingi. Ya paketi anayatema.

Nakuomba dada, kila asubuhi nitengee chupa moja ya Riziki. Ukame wewe mwenyewe kwa mikono yako, uifunge wewe mwenyewe, umpe Mwenda aiweke mbele kwenye kiti, si nyuma na mitungi. Tafadhali isipite kituoni. Asiiguse mtu. Wewe unaelewa.

Cynthia hajui habari za kituo, na sioni haja ya kumpa mawazo katika hali hii.

Nduguyo anayekuhitaji,
Mwaro

*

Marafa,
13 Oktoba 2024

Mwaro,

Pole kwa ugonjwa wa mtoto. Nimelia.

Maziwa yapo. Lakini hayatapanda gari lile, mbele wala nyuma. Mlete Charity huku anywe yakiwa ya moto, akae hadi anenepe. Wewe nawe ukija utakula na utalala, ni kwenu.

Barua yako nimeisoma mara moja tu, sina moyo wa kuirudia. "Asiiguse mtu." Hivi ulipoandika maneno hayo, wewe mwenyewe uliyasoma?

Dada yako

*

Malindi,
16 Oktoba 2024

Dada,

Asante. Cynthia na Charity watafika Jumamosi kwa gari la abiria. Mimi nimebanwa na kazi.

Nakusihi, yale mambo yetu yabaki yetu.

Mwaro

*

Marafa,
30 Novemba 2024

Kwa ndugu yangu Mwaro,

Nakusalimu popote ulipo. Mwenda anasema chumba chako cha Malindi kimefungwa, na jirani yako Mwaura anakisia umevuka kwenda Lamu, hana hakika. Barua hii nimempa Shekha. Anasema mtu akikimbia Malindi hurudi siku moja kuangalia kama amesahauliwa.

Charity amepona. Mashavu yamerudi, anamkimbiza ndama uwanjani huku akipiga kelele. Akimaliza kikombe anakipindua kichwani ili tuone kimekwisha. Wifi yangu Cynthia naye yuko hapa. Mkono wake ni mwepesi, Riziki amemkubali.

Nakueleza ilivyokuwa, kwa sababu huenda umesikia kwa watu. Sikumwambia Cynthia chochote wiki ya kwanza. Ni yeye aliyeniuliza. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anamtazama Charity akinywa, akasema, "Dada Kadzo, mume wangu anauza maziwa Malindi nzima. Mbona mwanangu amesafirishwa mpaka huku kufuata kikombe?" Mimi si mwongo, na swali lilikuwa limenyooka. Nikamjibu.

Hakulia. Alikaa pale pale mpaka uji ukaungua jikoni. Halafu akasema, "Na wale watoto wengine wa Malindi?" Basi. Asubuhi aliniachia Charity, akaenda Malindi. Alipita kwa Shekha, wakaongozana wawili mpaka kwa watu wa afya, na hawakuondoka mlangoni mpaka wakasikilizwa.

Walikuja na gari lao wakachukua maziwa kwenye chupa wakayapime. Waliporudi walikuja na askari. Tangi lilifunguliwa, likamwagwa lote kwenye shimo na shimo likafukiwa. Galoni lilipatikana. Bridgit alisema kila kitu kabla hajaulizwa, akalia kwa kwikwi. Mzee Kazungu aliapa hajui, hajasikia, hajawahi kunusa. Mlango umetiwa kufuli na karatasi yenye muhuri.

Sasa ndugu zetu wananipita njiani bila salamu. Damaris alinitemea mate mguuni mbele ya kanisa, akaniita mchawi wa ushirika. Mtu amekata majani yangu ya ng'ombe akayaacha yakauke hapo hapo, hakuyachukua hata kuwapa wake. Wanamwaga tena maziwa, nyuma ya nyumba zao, na kukipambazuka uvundo unanijia mpaka kitandani. Siwaombei mabaya. Lakini huruma nimeitafuta, sijaipata bado. Juzi nimeandika kaunti, mimi na Cynthia, kwamba tunataka stima na tangi safi, na mpimaji asiyeogopa. Wakija au wasije, tumeandika.

Wewe unatafutwa, hilo unalijua. Ukija nyumbani sitakuficha, na chakula sitakunyima. Tutakwenda pamoja kituo cha polisi, mimi nikiwa kando yako, nitakaa benchini mpaka wanifukuze.

Charity anakuuliza kila jioni. Jana nilimwambia baba yuko kazini, na neno hilo likaninukia kama galoni lile. Sitalirudia. Akiuliza tena nitamwambia kweli. Kama unataka aisikie kwako, fanya haraka.

Ni mimi dada yako,
Kadzo